Matofali Mabichi ya Mama Chiriku

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Sikio alikuwa kiwanjani akigeuza matofali. Yale yaliyolala kwa tumbo usiku kucha aliyasimamisha kwa ubavu, ili upande wa chini nao uone jua. Ni kazi inayotaka mikono miwili na subira nyingi. Tofali bichi ukilishika kwa pupa linabaki na alama za vidole vyako, na ukiliangusha ndiyo kwaheri, linarudi kuwa tope. Alipofika mstari wa mwisho, mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na watoto wenzake walikuwa wakipita barabarani na sare zao, wakikimbilia shule.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, limetunzwa pamoja na cheti chake sandukuni, lakini kiwanja kizima kilimwita Sikio. Mfyatua matofali yeyote atakuambia kwamba tofali halitazamwi, linasikilizwa. Kwa nje linaweza kuwa limepauka kabisa, ukadhani tayari, kumbe ndani bado lina maji. Basi unaligonga kwa kifundo cha kidole. Likilia “ti!” limekauka. Likinuna, likatoa “du” zito la tumboni, liache, siku yake haijafika.

Zamani aliyekuwa akiyagonga ni mama yake. Baba alifyatua, mama akasikiliza, na wenzao wakawa wanamtania mama kwamba anaongea na udongo kuliko anavyoongea na mumewe. Kisha mto ukafurika. Maji yalizibeba nyumba za bondeni, na yalipokwenda zake yakaacha ugonjwa wa kuhara. Mama alikwenda kuwauguza majirani, akaugua na yeye. Alipelekwa hospitali akiwa bado anatoa maagizo ya sufuria gani ifunikwe, na hakurudi.

Msiba ulipokwisha, kazi ilikuwa palepale ikingoja. Watu waliopoteza nyumba walitaka matofali, na baba hakuwa na mtu wa kusikiliza. Alijaribu mwenyewe, akagonga hili akagonga lile, yote yakawa yanamlilia sawasawa. Sikio akasogea, akagonga, akasema, “Hili bado, Baba. Hili tayari. Hili bado.” Baba alimtazama, kisha akageukia pembeni akafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vyake vilikuwa na tope.

“Umerithi masikio ya mama yako,” alisema.

Ndivyo alivyopata jina, na ndivyo alivyopoteza shule. Kaka yake, aliyekuwa kidato cha kwanza, aliendelea kusoma kama kawaida. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Ilitokea tu, kama inavyowatokea wasichana wengi nyumba ikipatwa na shida. Baba alisema, “Vumilia, mwanangu. Tanuri hili likishawashwa, unarudi shule.” Tanuri liliwashwa, likaja jingine, na baba akasema vilevile.

Aliyemfanya asisahau shule moja kwa moja alikuwa rafiki yake, Chiriku. Huyu aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Kila jioni alipita kiwanjani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwaga masomo yote ya siku hiyo huku akiigiza sauti ya mwalimu.

“‘Mapafu, watoto, ni kama mifuko miwili!’” alisema siku moja, amebinua midomo na kuvuta miwani isiyokuwepo. “Nikanyoosha mkono, nikauliza, Mwalimu, mifuko ya suruali au ya sukari? Weee! Nimesimamishwa hadi kengele.”

“Ulistahili,” Sikio alicheka, huku akiendelea kugeuza.

“Haya, niambie wewe. Mapafu yanafanya nini?”

Sikio alimjibu, tena vizuri. Kusema kweli alikuwa akijibu vizuri kuliko wengi waliokaa darasani.

Chiriku naye alikuwa na yake. Nyumba yao ilikwenda na mafuriko, na tangu hapo yeye, mama yake na wadogo zake walilala katika darasa moja pale shuleni pamoja na familia nyingine, wakitenganishwa na mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba. “Mimi ndiye mwanafunzi pekee nisiyechelewa,” alipenda kusema. “Nikifungua macho, tayari nimo darasani!” Watu walicheka. Mama yake hakucheka. Mama Chiriku alikuwa mfua nguo wa watu, mikono imepauka kwa sabuni, na kila alichopata alikiweka kwa ajili ya vyumba viwili vya matofali kwenye kiwanja chao kipya, mbali na mto. Shule ilikuwa imewaambia watoke, kwani watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakisomea uani, jua lao, vumbi lao. Matofali aliyokuwa akiyageuza Sikio kila asubuhi yalikuwa ya Mama Chiriku.

Siku moja mwalimu wao wa darasa alikuja kiwanjani. Alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Sikio alijipangusa mikono kwenye sketi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mikono gani hiyo? Baba yuko wapi?”

Baba alitoka kwenye shimo la udongo, amelowa hadi magotini. Mwalimu hakuzunguka mbuyu.

“Jumatatu darasa la mwisho linaanza mazoezi ya mtihani, na siku hiyohiyo majina yanapelekwa. Atakayekuwepo ataandikwa. Asiyekuwepo, mwaka huu basi. Ninampenda binti yako, lakini sina namna ya kumwandika mtoto ambaye simwoni.”

“Nimekusikia, Mwalimu. Tanuri hili likishawashwa, atakuja.”

“Ulinijibu hivyo mara iliyopita.” Mwalimu alitazama mistari mirefu ya matofali. “Na yule kaka yake, mbona hajakosa hata siku moja?”

Baba alijipangusa tope magotini. “Yeye hana masikio haya,” alisema kwa sauti ya mtu anayesikia jibu lake mwenyewe kwa mara ya kwanza na halimpendezi. Mwalimu aliaga. Baba alirudi shimoni akakanyaga udongo kwa nguvu, asimtazame mtu.

Tangu siku hiyo Sikio hakuwa na wimbo mwingine. Jumatatu, Jumatatu. Na mawingu nayo, kama yamemsikia, yakaja yakakaa. Hayakunyesha, hayakuondoka. Jua lilichungulia kidogo saa za mchana, likajificha. Aligeuza matofali asubuhi, akayageuza tena alasiri. Aliyapuliza hata kwa mdomo, mtoto maskini, kama apulizaye uji wa moto.

Ijumaa baba akaja na kamba ya kupimia tanuri. “Sikio! Vipi, yamekauka?”

Alichuchumaa. Aligonga la kwanza. Du. Aligonga la katikati ya mstari. Du. Aliruka mistari, akagonga la mwisho lililokuwa likipata jua zaidi ya mengine. Du. Yangetaka siku nyingine kadhaa, labda wiki, na Jumatatu haikuwa na nafasi hiyo.

“Yamekauka, Baba,” alisema.

Baba hakuinama kuhakikisha. Alitabasamu, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara nyingi siku hizo. “Basi tunapanga leo, kesho tunawasha. Na Jumatatu wewe shule. Umeona? Baba yako si mwongo.”

Walipanga tanuri hadi jua likazama: baba, kaka aliyetoka shule, na Sikio. Yeye aliyabeba akiyahisi jinsi yalivyo mazito. Tofali kavu ni jepesi mkononi, na haya yalimvuta mabega. Kaka alilalamika, “Mbona mazito hivi?” na baba akamjibu, “Mazito kwa sababu wewe umezoea kubeba kalamu.” Wakacheka wote, isipokuwa mmoja.

Jumamosi asubuhi moto uliwashwa. Kwa kawaida unaanza na moto mdogo wa kufukuza unyevu uliobaki, na moshi mweupe ukiisha ndipo unaongeza magogo. Moshi wa siku hiyo ulitoka mnene, mweupe pee, na haukuisha. Jirani yao wa kazi, mfyatuaji mmoja mtani sana aliyeitwa Kipara kwa sababu zinazoonekana, alikuja akasimama, mikono kiunoni.

“Mvuke wote huu wa nini, bwana? Unachoma matofali au unapika wali?” Kisha akaacha mzaha. “Nasema kweli, ndugu yangu. Haya mabichi. Punguza moto, yakaushe taratibu siku mbili tatu.”

Baba alimnyooshea kidole Sikio. “Binti yangu ameyagonga mstari kwa mstari. Akisema yamekauka, yamekauka. Ni masikio ya mama yake yale.”

“Yule mama hakukosea hata siku moja,” Kipara alikubali. “Haya, kama ni hivyo.”

Hapo Sikio angeweza kusema. Neno moja tu, na moto ungepunguzwa, na matofali yangepona. Lakini moto mdogo wa siku nyingi unataka mtu wa kukaa nao, na mtu huyo alimjua ni nani. Akainama kuokota kuni. Baba akasukuma magogo makubwa mdomoni mwa tanuri. Haikupita muda, ndani kukasikika “pa!” Kisha “pa! pa!” Baba alikunja uso, akasikiliza, akajisemea kwamba pengine ni kuni zenye mafundo.

Jumatatu Sikio alivaa sare. Sketi ilikuwa imempanda magotini, maana urefu haungoji tanuri. Darasani Chiriku alisogea akampa nafasi kwenye dawati, akampiga ubavuni kwa furaha, na mwalimu akaandika jina lake huku akitabasamu. Lilisomwa kwa sauti, lile la kwenye cheti, na alisahau kidogo kuitika. Siku hiyo alijibu maswali mpaka Chiriku akamnong’oneza, “Tuachie na sisi, bibi wee.”

Ilipaswa kuwa siku nzuri kuliko zote. Lakini wakati wa mapumziko Chiriku alimvuta hadi kwenye mlango wa lile darasa wanamolala, akamwonyesha shuka lao kwenye kamba.

“Hili shuka nitalichana, nishone pazia,” alisema. “Chumba changu kitakuwa na dirisha upande wa jua. Nimemwambia Mama, dirisha lisipokuwepo sihamii. Matofali yanatoka lini?”

“Tanuri likipoa,” Sikio alijibu. Alisema anataka kwenda msalani, akakaa huko mpaka kengele ikalia.

Tanuri lilipopoa, lilifunguliwa. Mama Chiriku alikuwepo, amevaa kanga yake nzuri kama anayekwenda kwenye sherehe. Matofali ya nje yalitoka salama, mekundu. Baba akaingiza mkono ndani zaidi, akatoa nusu tofali. Akatoa jingine, likamgawanyikia mikononi. Jingine lilikuwa limepasuka uso wote, na jingine likamwagika vipande. Alianza kutoa harakaharaka, akiyatupa nyuma yake, kama vile chini kabisa kuna mtu aliyefukiwa. Mazima hayakutosha kujengea hata ukuta mmoja.

Mama Chiriku hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliokota kipande, akakizungusha kwenye vidole vyake vilivyopauka, akakiweka chini taratibu.

“Shule wanataka chumba chao wiki hii,” alisema. “Nimewasihi mpaka nimeona haya. Basi. Nitakwenda kwa kaka yangu na watoto. Chiriku, mkubwa wao, ameshapata kazi huko, atamsaidia mjomba wake dukani mpaka tutakapojua la kufanya.”

“Mtihani wake je?” Sikio aliuliza.

“Huko ni mbali, mwanangu. Na wadogo zake lazima wale.”

“Ni kosa langu, mama,” baba alisema. “Kazi imeniponyoka mikononi. Nitakulipa kila tofali, hata ikinichukua mwaka.” Akasimama mbele ya mwanamke yule ameinamisha kichwa, mtu mzima yule, na binti yake akiwa nyuma yake.

Chiriku aliondoka alfajiri ya siku iliyofuata, juu ya lori la mizigo, katikati ya magodoro na ndoo za mama yake za kufulia. Sikio alikimbia hadi kituoni. Alitegemea utani, maana huyu angeweza kutania hata msibani. Chiriku alimpungia mkono tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amefunga mdomo.

Siku zile dawati lilikuwa pana mno. Mwalimu alikata jina moja kwa rula, mstari mnyoofu, halafu akavua miwani akaifuta muda mrefu. Sikio alisoma, lakini kila alichokisoma kilikuja na sauti ya Chiriku, na alipomaliza hapakuwa na mtu wa kumuuliza, “Haya, niambie wewe.”

Jioni moja alirudi akamkuta baba amekaa juu ya rundo la vipande. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya tofali lililopasuka, akiligonga kwa kifundo, akisikiliza, akigonga tena. Kipara alikuwa kando yake.

“Wanasema niliharakisha moto,” baba alikuwa akimwambia. “Wengine wanasema niliyapanga vibaya. Labda kweli. Tangu mke wangu aondoke sijui tena ninachofanya. Nafikiria niache kazi hii, nikabebe mizigo sokoni.”

“Na yule binti? Hukufikiri kwamba yeye ndiye aliyekosea?”

“Mtoto usimguse,” baba alisema, akainua kichwa. “Akisema amesikia, amesikia.”

Sikio aliangusha mfuko wa madaftari. Alitaka kukimbia, lakini miguu ilimpeleka mbele badala ya nyuma.

“Baba, yalikuwa mabichi.”

Baba alimtazama bila kuelewa.

“Niliyagonga. Yalisema du. Nikakwambia yamekauka kwa sababu ilikuwa Ijumaa na majina yalikuwa yanapelekwa Jumatatu. Hata siku ya moto, Kipara aliposema, nilijua. Nilijua, Baba, nikanyamaza.”

Baba aliliweka tofali chini.

“Ulisikia du?”

“Nilisikia, Baba.”

“Ukaniambia yamekauka.”

“Ndiyo, Baba.”

Hakumpiga. Angempiga, ingekuwa nafuu. “Tangu mama yako afe,” alisema polepole, “nimekuwa mtu wa kukagua kila kitu mara mbili. Mlango nimefunga? Moto nimezima? Mtoto amekula? Kitu kimoja tu sijawahi kukikagua, ni neno lako. Nililiamini kama nilivyoliamini la mama yako.”

Sikio alilia kwa sauti. Alimlilia Chiriku, akamlilia mama yake, akayalilia na masikio yale aliyoachiwa, jinsi alivyoyatumia. Baba alimwacha alie. Kisha akamwambia akae.

“Sasa na mimi niseme langu, na Kipara awe shahidi. Nilikuambia tanuri likiwashwa utarudi shule. Nilisema hivyo tanuri lililotangulia. Na la kabla yake. Kila mara nilijua halitakuwa la mwisho. Wewe umesema uongo siku moja kwa hofu. Mimi nimekudanganya msimu mzima, tena kwa sauti ya upole. Kaka yako sikumtoa shule hata siku moja, kwa sababu haikunijia akilini. Wewe ndiye uliyenijia akilini kwanza. Nisamehe.”

Sikio hakuwahi kuombwa radhi na mtu mzima. Hakujua pa kuweka mikono.

“Lakini sikiliza vizuri, mwanangu,” baba aliendelea. “Kuitaka shule si kosa. Ungesema, ‘Baba, hayajakauka, lakini Jumatatu nakwenda,’ tungegombana, ningefoka, na pengine mwisho ningekubali. Ukweli ungetugombanisha sisi wawili tu. Uongo umemfikia mtu ambaye hakuwa na habari. Umekwenda mpaka kwa Chiriku, umemtoa kwenye dawati. Ndiyo maana ya kusema kweli hata pale inapokugharimu.”

Kesho yake Sikio alisimama mbele ya wafyatuaji wote wa kiwanja akarudia aliyoyasema, bila kuruka kitu. Wengine walitikisa kichwa. Mmoja alisema wazi kwamba mtoto kama huyo hafai kushika kazi ya watu, na Sikio akayameza maneno yale, kwani alijua anayastahili. Kipara akajitokeza mbele.

“Mimi tanuri langu nitalijaza hivi karibuni. Ubavu mmoja nauacha kwa ajili ya yule mama. Mwenye jingine la kusema aseme, lakini aseme huku akifyatua.”

Wakacheka kidogo, na mmoja baada ya mwingine wakaahidi sehemu. Nyumbani nako mambo yalipangwa upya. Kaka alipewa zamu ya kugeuza matofali asubuhi, Sikio akachukua ya jioni, na wote wawili wakaenda shule. Kaka alinung’unika siku za kwanza, akasema mgongo unamuua. “Karibu,” Sikio alimwambia.

Yote hayo yalichukua muda, na mtihani haukungoja. Sikio alifanya, na dawati lilikuwa na nafasi tupu kulia kwake. Alifaulu. Alipoambiwa alishukuru, akaenda kukaa peke yake kando ya shimo la udongo. Baba akampigia simu Mama Chiriku, lakini si kwa habari za mtihani. Alimwambia kuta zimesimama, na kwamba kuna dirisha upande wa jua.

Chiriku alirudi amekonda, na mikono yake ilikuwa na nyufa za maji na dawa ya kusafishia. Sikio hakungoja mtu mwingine amwambie. Alimpeleka ndani ya chumba kipya, ambacho bado kilinuka saruji, akamweleza yote, kuanzia du la kwanza. Chiriku alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaugeukia ukuta.

“Na haya? Yamekauka?”

“Yamekauka.”

“Nitajuaje?”

“Gonga mwenyewe.”

Chiriku aligonga. Ti! Aligonga jingine, na jingine, akizunguka chumba chote.

“Siku ya mtihani nilikuwa nafagia duka la mjomba,” alisema bila kugeuka. “Nikawa najiuliza maswali na kujijibu. Wateja wakadhani nina wazimu.” Akalia. “Mwaka mzima, Sikio. Umenichukulia mwaka mzima.”

“Najua.”

“Sijui kama nimekusamehe.”

“Najua hilo nalo.”

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Aliiweka chini.

“Hata mimi nina langu humu,” alisema. “Nilipokosa nyumba, nilimtazama mwanangu mkubwa nikaona mikono ya kufagia duka. Sikuona mwanafunzi. Baba yako naye alikuona masikio tu. Shida ikiingia ndani ya nyumba, sisi wakubwa tunaanza na binti, tunamtoa shuleni bila hata kumuuliza, na hatujui tumetoa nini. Sasa tunajua. Wewe utasema kweli hata ukiogopa. Sisi, tukibanwa, tutatafuta njia nyingine kabla ya kugusa masomo yenu. Na Jumatatu, Chiriku, unarudi darasani. Mwalimu ameshakuandika.”

Chiriku alirudia mwaka ule akiwa mrefu kuliko wenzake wote wa darasa. Sikio alianza kidato cha kwanza. Sasa ni yeye aliyepita kila jioni, akakaa juu ya ndoo ya kufulia ya Mama Chiriku, akauliza, “Haya, niambie wewe.” Mwanzoni Chiriku alijibu kwa neno mojamoja. Utani ulirudi baadaye, kidogo kidogo, na hapo ndipo Sikio alipoanza kulala vizuri.

Asubuhi moja yenye mawingu wote wawili walikuwa wakipita kiwanjani kuelekea shule, mteja mmoja alipomkalia baba kooni. Alitaka tanuri liwashwe siku hiyohiyo, fundi wake amekwisha kufika. Baba alipaza sauti.

“Sikio! Njoo mara moja. Yamekauka?”

Alichuchumaa na sare yake, akagonga la kwanza, la katikati na la mwisho. Chiriku alisimama kando akimtazama.

“Bado, Baba.”

“Hata kidogo?” mteja aliuliza. “Mbona kwa macho yako sawa?”

“Bado,” Sikio alirudia.

“Amesema bado,” baba alimwambia mteja. “Utasubiri.” Kisha akawageukia wasichana, akawafukuza kwa mkono wenye tope. “Na nyie mnangoja nini? Nendeni shule, mtachelewa.”